Korongo Alipoonja Dawa Yake

Enzi ndege walipokuwa wakitibiana wenyewe, Korongo aliwasili kutoka kaskazini akiwa na kibuyu cha dawa. Kanga, ambaye vifaranga wake walikuwa wakifyonzwa damu na utitiri hata hawalali, alimpokea kwa heshima.

"Shikamoo, Daktari. Dawa hii imewaponya wangapi?"

"Marahaba, mama. Hilo ndilo ninalotaka kulijua. Wanyweshe watoto, nami nitatazama."

"Na watoto wa kwenu walikunywa?"

"Wa kwetu?" Korongo alishtuka. "Kwetu ni marufuku kumpa kifaranga dawa isiyojaribiwa!"

Kanga aliwatazama wanawe wakijikuna. Alitamani mno wapone, lakini moyo wake ulisita.

"Haya, Daktari. Ila hapa kwetu aletaye kinywaji hukionja kwanza mwenyewe, kuondoa shaka. Au unaogopa?"

Korongo, aliyependa sifa kuliko chakula, akapiga funda kubwa. Utitiri aliokuwa nao yeye pia ukapukutika papo hapo. Kabla hajamaliza kujisifu, manyoya nayo yakafuata, akabaki uchi kama yai.

Vifaranga walicheka hadi wakasahau kujikuna. Kanga akawanyamazisha, akamfunika mgeni kwa majani, kisha akauliza kwa upole:

"Daktari, unaturuhusu kuwasimulia ndege wengine yaliyokupata?"

"Sitaki! Mwili huu ni wangu!"

"Basi tutanyamaza," akajibu Kanga. "Manyoya yakiota, tutaitafuta dawa pamoja. Nawe utaanza kwa kuniuliza mimi, kama nilivyokuuliza wewe."