Mkanda Uliomdaka Babu

Siku hizo nyumba zote zilijengwa juu ya nguzo ndefu, ardhi ikaachiwa mashamba, na hakuna aliyevuka mlango bila mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye waya wa juu.

Nakijwa alipoolewa, wakwe walimvika mkanda uliomdaka babu yao alipoanguka. Kwao, hakukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Mama yake alipokwenda kumtembelea, aliupapasa mgongoni, penye pete ya chuma, akakuta nyuzi zimefumuka.

"Mwanangu, mkanda ukishadaka mtu, kazi yake imekwisha. Hutupwa."

"Huu una baraka, mama."

"Baraka zake alizimaliza babu."

Mama mkwe akacheka jikoni. "Mama Nakijwa, wewe unaogopa hata kivuli chako. Mbona babu alifia kitandani?"

Mama akatoa mkanda mpya kikapuni. Nakijwa akautazama, akatazama jikoni, kisha akaurudisha taratibu. "Wataona nimewadharau." Akabeba beseni, akatoka kuanika nguo.

Mama akamfuata hadi kizingitini, akamfunga kanga kiunoni, akashika ncha zake kwa mikono miwili.

"Unanifunga kama mbuzi, mama."

"Anika."

Nguo zilikuwa nyingi. Mikono ikamfa mama ganzi, mgongo ukamuuma, lakini hakuziachia ncha za kanga mpaka shuka la mwisho.

Jioni ilibidi aondoke, maana mama mzazi halali ukweni kwa bintiye. Alipokuwa akiaga, Nakijwa alikuwa ameinama, analoweka nguo za kesho.