Jogoo wa Posa

Jogoo alilala chali katikati ya zulia, miguu juu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Amekufa," alisema Dorothea.

Ilikuwa siku ya posa. Gerson, mshenga, alimleta jogoo huyo Nangara kwa bodaboda kutoka Sigino, mzima kabisa, njia nzima akiwika kana kwamba ndiye anayekwenda kuoa. Dorothea, shangazi ambaye ukoo mzima ulimwogopa, akampokea, akampima uzito kwa mkono, akamlaza chali ili amkague miguu, akamkandamiza kifua kidogo. Alipoondoa mkono, jogoo hakuondoka.

"Nimeona posa nyingi," Dorothea akaendelea, bila huzuni yoyote. "Jogoo wa posa akifia ndani, mazungumzo yamefungwa. Gerson, malizia soda yako."

Gerson akavua kofia. Hakujua kama anamvulia Dorothea au marehemu.

Jikoni, mwiko ukaacha kugonga sufuria. Romana, anayeposwa, alikuwa huko, na hakutakiwa kuonekana mpaka kauli itoke.

Wanaume wawili waliobaki hawakutazamana. Sosthenes, aliyeingia kwa basi kutoka chuo kikuu Morogoro, alikaa ukingoni mwa kiti na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mbele yake, kwenye sofa kubwa, Mzee Wolfgang, dereva mstaafu wa malori, aliketi ndani ya suti ya kijivu, ametulia kama lori lililo juu ya mizani. Tangu waamkiane, mazungumzo yao yalikuwa haya tu:

"Kijana, unasomea nini?"

"Ubongo wa ndege, Mzee."

"Za abiria?"

"Wa manyoya."

"Ahaa," alisema Mzee Wolfgang, na hakuuliza tena.

Sasa Sosthenes akamtazama jogoo. Akatazama upande wa jikoni. Akamtazama tena jogoo.

"Hajafa, Shangazi. Anaogopa."

"Anaogopa huku amelala?"

"Kuku akikamatwa akalazwa chali, anaganda. Adui akidhani ni mzoga atalegeza kucha, naye apate kukimbia."

"Moyo wa kuku una hila zote hizo?"

"Si moyo. Hofu ina sehemu yake kichwani, ndogo sana, inaanza kujengeka kifaranga angali ndani ya yai. Sisi nasi tunayo inayofanana nayo. Ni urithi wa zamani, kabla hajawapo kuku wala mtu."

"Usinitie kwenye ukoo wa kuku."

"Kuku wa porini ana hofu kali, Shangazi. Watu wakafuga wale watulivu, vizazi na vizazi, mpaka ubongo wenyewe ukabadilika. Lakini hofu haikuisha. Huyu amebakiwa na ya kumtosha."

"Msomi, kuku kafa. Hata umhubirie."

"Tumwache. Asiguswe."

Wakamwacha. Mzee Wolfgang akatoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Gerson akaanza kunong'ona kitu kilichofanana sana na sala ya mazishi.

Jogoo akafumba jicho. Akafumbua. Akaruka wima, akajikung'uta, akaachia kinyesi juu ya zulia, kisha akawika, uso kwa uso na Dorothea.

"Haleluya," Gerson akasema, akirudisha kofia kichwani. "Basi, wenye mji, posa iko hai. Mnasemaje?"

Dorothea akatazama dari. "Mimi nimeshasema, mkanizidi kwa elimu. Mwenye kauli aseme."

Sosthenes akasimama, akanyoosha shati, akamkabili Mzee Wolfgang.

"Mimi sina pingamizi," alisema, kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama, toka basi. Mchumba wako ameloa jasho vya kutosha."