Nyota ya Tano

Buibui alikuwa amekaa pabaya. Fundi alikuwa amemchora kwenye kona ya kushoto ya kioo cha ndege, na saa mbili asubuhi ujumbe ukaingia: "Utando huwa kulia, mjukuu wangu. Kushoto jua linachoma."

"Babu Mbawa kasema kulia," Fundi akamwambia bosi wake bila kugeuka.

"Sasa unangoja nini? Mhamishe!"

Ndivyo kazi ilivyokwenda katika ofisi ile ndogo iliyotengeneza mchezo wa kompyuta wa ndege za kivita. Fundi, binti ambaye jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye cheti cha kuzaliwa tu, ndiye aliyebebeshwa uhalisia wote wa mchezo. Miezi mitatu nyuma alisoma vitabu vya marubani mpaka macho yakamwasha, akatoa toleo jipya ambalo injini ilizimika ukikata kona vibaya. Wachezaji wakamshukia kama nyuki.

"Nimeanguka mara kumi na nne kabla sijanywa chai!" aliandika mmoja aliyejiita Radi Kavu. "Aliyetengeneza hii hajawahi kuona ndege, hata ya karatasi!"

Halafu, katikati ya matusi, Babu Mbawa akajitokeza kwenye jukwaa la wachezaji.

"Mambo ya kona sina la kusema," aliandika kwa utaratibu wake. "Lakini ndege hiyo nimekaa ndani yake miaka thelathini na moja. Kiti chake hulia ukiegemea. Chenu kimenyamaza."

Jukwaa zima likanyamaza pia. Miaka thelathini na moja! Hata Radi Kavu, ambaye adabu hakufunzwa na mtu, akaandika shikamoo.

Fundi akakiliza kiti. Babu akasema mkanda wa kushoto hukwama, akaukwamisha. Babu akasema mshale wa mafuta hulala kwenye sifuri siku zote, akaulaza. Na walewale waliotaka kumla mbichi sasa wakawa wanammwagia sifa.

"Adui kanilipua nikihangaika na mkanda," aliandika Radi Kavu. "Uhalisia mtupu! Nimetoa machozi ya furaha."

"Mimi ule mshale ndio umenigusa," mwingine akajibu. "Wazee wetu walipigana hadi tone la mwisho."

Kuhusu utando wa buibui, walikubaliana kwamba mtu anayefukuzana na kifo hana muda wa kupangusa vioo.

Bosi naye hakulaza damu. Alitundika bango mlangoni: NYOTA TANO KUTOKA KWA RUBANI HALISI. Kisha ndipo akakumbuka kwamba nyota zenyewe hazijatolewa, akamwita Fundi pembeni.

"Ijumaa Babu anakuja kujaribu mwenyewe, na wachezaji wote watatazama mubashara. Akitoa tano, mkataba wako nausaini palepale. Akitoa nne, tutaagana vizuri tu. Ng'ombe mzima tumekwisha kumla, usije ukashindwa na mkia."

Mkataba ule ndio ungemtoa sebuleni kwa shangazi yake, alikolala kwenye kochi mwaka wa pili sasa, na shangazi akimwuliza kila asubuhi kama kuchora buibui ni kazi ya mtu mzima. Aliutaka mkataba ule kuliko kitu chochote duniani.

Ijumaa mzee akaingia, mfupi, koti limepigwa pasi, kitambaa kimekunjwa vizuri mfukoni. Fundi alimwamkia, akamkalisha kwenye kiti cha majaribio mbele ya skrini tatu, kiti alichokuwa amekiharibu kwa makusudi ili kifanane na maelezo yote. Bosi alisimama wima kama anayengoja wimbo wa taifa.

Babu aliegemea. Kiti kikalia. Akavuta mkanda wa kushoto, ukakwama. Akautazama utando, kulia kabisa, na midomo ikaanza kumtetemeka. Alitoa kitambaa. Fundi alidhani ni cha machozi, lakini mzee alikitumia kupangusa skrini, taratibu, akianzia juu kushuka chini, akiuzunguka utando ule bila kuugusa.

"Ndiyo yenyewe," alinong'ona. "Vilevile nilivyoiacha siku niliyostaafu."

Akagusa nyota zilizopangwa chini ya skrini, moja baada ya nyingine, zikawaka zote tano.

Bosi akachomoa kalamu. Kwenye jukwaa watu wakashangilia kwa herufi kubwa. Fundi alifurahi mpaka akasahau kupumua, na kwa furaha hiyohiyo akabonyeza kitufe cha kuwasha injini, ili mzee ajionee na angani.

Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikaiacha ardhi.

"Mama yangu wee!" Babu alipiga ukelele, miguu juu, mikono imekumbatia usukani. "Shusha! Shusha, mtoto wewe, tutaua watu!"

Fundi alisimamisha mchezo. Mzee alijifuta jasho kwa kile kitambaa, akajikusanya, akanyoosha kidole mpaka kwenye skrini, akafuta nyota moja.

"Babu, jamani!" Fundi alikaribia kulia. "Tumekosea wapi?"

"Mengine yote sawa, mjukuu wangu, ila hapo mwisho mmetia chumvi," mzee alisema, akihangaika kujinasua kwenye mkanda. "Miaka yote niliyoifuta vumbi pale kwenye bustani ya makumbusho, na kujipumzisha ndani yake kila mchana, haijawahi kuruka hata siku moja."