Ngiri na Ukuta wa Bondeni

Palikuwa na Ngiri mmoja mjuaji, akajenga mtaa mpya bondeni wakati wa kiangazi. Akauzungushia ukuta, na matundu ya kutolea maji akayaziba kwa saruji ili vyura wasiingie.

Bi Chura akamwuliza, “Mwanangu, maji yatatokea wapi?”

“Maji gani, bibi? Nenda kwenu!”

“Kwetu ni hapa.”

Masika ikaja. Mto ukaingia kwa geti la juu, ukakosa pa kutokea, nyumba zikajaa kama mapipa. Watoto wa Ngiri wakawa wanaelea ndani ya karai.

“Bi Chura, wanangu watakufa!”

“Wewe si una meno? Toboa!” akajibu Bi Chura, akiogelea sebuleni mwa Ngiri.

Ngiri akautoboa ukuta wake, watoto wakapona. Tangu hapo akikimbia huinua mkia, eti usilowe. Mkia! Kana kwamba mkia ndio uliojenga bondeni.