Jimu ya Bi Mwanakombo

Kwa sheria ya mji, mzee yeyote aliyeshindwa kuinuka sakafuni bila kushika kitu mbele ya mkaguzi alihamishiwa Makao ya Wazee, na chumba chake wakabaki nacho watoto wake. Ndiyo maana Salha alipomgeuzia mama mkwe wake stoo kuwa jimu ndogo, mtaa mzima ulimsifu.

Bi Mwanakombo aliikagua. Kamba za mpira zilifungwa usawa wa kifua, vyuma vyepesi viliwekwa juu ya meza, na kila ukuta ulikuwa na bomba la kushikilia.

“Mkeka wangu uko wapi?”

“Nimeutoa, mama. Usije ukajikwaa.”

“Na mbuzi yangu ya kukunia nazi?”

“Tumenunua mashine. Magoti yapumzike.”

Sauti ilikuwa tamu mno. Maisha yake yote Bi Mwanakombo aliinama na kuinuka kwenye kibao kile kifupi. Sasa hapakuwa na kitu cha kumshusha chini.

Mwezi ulipokwisha alijifungia jimuni, akaketi sakafuni, akajaribu kuinuka bila kushika kitu. Kabla hajafika popote, mkono ulikwishalidaka bomba, wala hakuutuma.

“Mama,” Salha aliita nje ya mlango, “umeshika bomba?”

Aliutazama mkono. “Nimeshika.”

“Vizuri. Endelea hivyo hivyo.”