Majibu Yanakwenda kwa Hemedi

Siku hizi ukimaliza dawa za saratani unavalishwa bangili ya kuipima mishipa yako ya damu, maana dawa zile huweza kuiharibu. Majibu huyaoni wewe. Yanakwenda kwenye simu ya ndugu uliyemchagua, ili usishtuke. Mimi nilimchagua mume wangu, Hemedi.

Kila asubuhi namuuliza, “Inasemaje?”

“Mishipa mizuri, mama Zawena. Utatuzika wote wewe.”

Nilikuwa nacheka. Lakini tangu juzi anachota maji kabla sijaamka, na jana kaniita mpenzi mbele ya mama yake. Hemedi huyu huyu!

Leo nimemfunga Zawena mgongoni ili nifue. Hemedi akaja, akaifungua khanga taratibu, akamchukua.

“Mzito huyu.”

“Mzito leo? Mbona jana nimembeba kutwa?”

“Wewe pumzika tu.”

“Basi nionyeshe simu.”

“Imeisha chaji.”

Nikaiona inawaka mfukoni mwa shati lake.

“Haya, nirudishie mwanangu,” nikasema, nikanyoosha mikono.

Akanipa mgongo, akaanza kumbembeleza, “Nyamaza, mama, nyamaza.” Na Zawena hakuwa analia.