Kura ya Mchungaji

"Wanafunzi wanne! Hilo ni darasa, au mafiga yaliyozidi moja?" alitania Mchungaji.

Walimu na wajumbe wa bodi ya shule wakacheka. Mwalimu Lusubilo naye akacheka, ingawa darasa hilo la sayansi lilikuwa lake. Wajumbe wawili walitaka lifungwe, wawili liachwe. Ilibaki kura ya Mchungaji, mtani mwenyewe.

"Baba Mchungaji, chungulia kwanza jani hili la shambani kwako," alisema Lusubilo, akimsogezea hadubini. Chini ya kioo palikuwa na jani la kahawa, alilolichuma asubuhi hiyo.

Mchungaji akainama kwa adabu tu, mkono wa kufunga darasa ukipanda. Ulipofika usawa wa sikio, ukasimama.

"Mchungaji, tuhesabu?" aliuliza mkuu wa shule.

"Ngojeni! Kadudu kana miguu minane, na kanakula kahawa yangu!"

Mkono ukashuka, ukaikumbatia hadubini.